Kabla Hujambadilishia Mama Simu

Idi ya mwaka juzi nilimpelekea mama simu ya kupangusa. Kioo kipana, kava jekundu, picha za wajukuu zote nimeshamwekea. Anaishi Lushoto, upande wa Mlalo, na kutoka Dar es Salaam huko si safari ya kila wikiendi, kwa hiyo nilijiona nimemaliza kazi. Alishukuru, akaniombea dua ndefu. Miezi mitatu baadaye nikapanda tena ile milima kwa ajili ya msiba wa jirani, nikaikuta simu kabatini, imeviringishwa kwenye kanga, imezima. Mkononi mama alikuwa na kitochi chake kilekile cha zamani, mfuniko wa nyuma umeshikiliwa na rababendi.

"Hii yako nimeitunza, mwanangu," akasema. "Isije ikaharibika."

Tangu hapo nimewachagulia simu na laini shangazi wawili, mjomba mmoja na wazee kadhaa wa mtaani kwetu, na makosa mengi nimeyafanya kwa hela yangu mwenyewe. Kosa kubwa ni kuanzia dukani. Ukitaka kumsaidia mzazi, dukani uende mwisho kabisa. Anza na laini.

Shika simu yake upige *106#. Utaona laini imesajiliwa kwa jina la nani. Usishangae ukikuta jina lako, au la binamu aliyehamia Mwanza zamani. Usajili wa alama za vidole ulipopamba moto na laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020, wazee wengi hawakuwa na namba ya NIDA, na wengine vidole vyao vilikuwa vimesuguliwa na jembe kwa miaka hamsini hata mashine haivisomi. Kijana aliyekuwa karibu akaweka kidole chake, laini ikapona, kila mtu akasahau.

Utakumbuka siku simu itakapodondoka kwenye basi. Kurudisha laini iliyopotea kunamtaka mwenye jina afike yeye mwenyewe na kidole chake. Mama yuko Mlalo, kidole kiko Tandika. Na hata kabla ya hapo, kila anayemtumia mchango wa kikoba anaona jina la kijana asiyemjua, anasita, anapiga kuuliza. Mwenye jina akifariki ndiyo balaa zaidi, maana hela za mama zinageuka kuwa hesabu ya mirathi ya mtu mwingine. Kwa hiyo kama bado hana kitambulisho, hilo ndilo la kushughulikia kwanza. Kama anacho, nendeni wawili, yeye na aliyeweka kidole, kwenye duka la mtandao mkaombe kubadili umiliki. Kidole kimoja kikikataa, kuna vingine tisa. Mwambie aoshe mikono vizuri, na msikubali kurudishwa nyumbani baada ya jaribio moja.

Ukishajua laini ni ya nani, angalia inashika wapi. Mambo ya mtandao upi una kasi Dar usiyapeleke kijijini. Huko mtandao mzuri ni ule wenye mnara karibu. Kwetu kilima kimoja tu kinasimama kati ya nyumba ya mama na mnara, na kwa miaka alikuwa akipanda hadi kwenye mparachichi wa jirani ndipo apige simu. Sisi tulikuwa tunamwambia "mama, simu yako mbovu." Simu ilikuwa nzima. Jaribu laini za majirani, na ujaribie chumbani, si uani, kwa sababu simu ya shida hupigwa usiku mtu akiwa kitandani.

Ikiwa mtandao mwingine ndio unaoshika, si lazima apoteze namba ambayo ukoo mzima umeikariri. Tangu Machi 2017 Mtanzania anaweza kuhama mtandao na namba yake: anakwenda kwa wakala wa mtandao anaohamia, kisha anatuma neno HAMA kwenda 15080. Kabla ya hapo atoe fedha zote zilizomo kwenye laini na amalize madeni, maana salio la fedha haliifuati namba. Mimi lakini huwa naona ni nafuu kuongeza laini ya pili. Wazee hawapendi kusikia kwamba kitu chao kimehamishwa.

Sasa simu. Nitasema jambo ambalo wauza simu wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, hawatalifurahia: wazee wengi tunaowanunulia simu janja walikuwa wanahitaji kitochi kipya. Nokia 1100 ilipotoka mwaka 2003 ikiwa na tochi kichwani, haikuhitaji mwalimu. Kitochi kinakaa na chaji siku kadhaa. Vitufe vyake dole gumba linavitambua gizani. Kikidondoka, unaokota betri na mfuniko, unaunganisha, kinawaka. Simu janja ikidondoka, unaanza kumtafuta fundi mwenye kioo.

Tena kuna jambo la mwili tunalolisahau. Kioo cha kupangusa kinakitambua kidole kwa umeme kidogo sana unaopita kwenye ngozi, na ngozi kavu, yenye sugu, haiupitishi vizuri. Nilimwona shangazi akipangusa kile kiduara cha kijani mara nne huku simu inaita hadi ikakatika, halafu akaniangalia kama mtoto aliyevunja bilauri. Kidole changu kikapokea mara moja. Usimcheke mtu wa namna hiyo wala usimwambie "bonyeza taratibu". Simu nyingi zina sehemu ya kuweka upokeaji wa kugusa tu badala ya kupangusa, na nyingine zinaruhusu kukata simu kwa kitufe cha pembeni. Vitafute hivyo kabla hujamkabidhi.

Na kabla hujanunua kioo kikubwa ili "aone vizuri", mpeleke kwa daktari wa macho. Mjomba wangu alikuwa akisema simu hizi hazimwelewi. Alipopata miwani ya kusomea akaanza kusoma hadi vijarida vya dawa. Kama ni mtoto wa jicho, hakuna simu itakayomsaidia.

Ukiamua kumpa kitochi kipya, usikichague kwa kukitazama kabatini. Omba kiwashwe, kiwekwe laini, kipigiwe palepale dukani katikati ya kelele za Kariakoo. Ukisikia mlio hapo, atausikia akiwa jikoni. Angalia kama redio inashika bila spika za masikioni, kwa sababu kuna mzee atakayekisamehe kila kitu ilimradi apate taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kikiwa cha laini mbili, ingia kwenye mipangilio uchague laini moja ya kupigia, la sivyo kila akipiga kitamuuliza SIM 1 au SIM 2, naye atakata akidhani kuna kosa. Weka namba zako kwenye upigaji wa haraka: akibonyeza 2 kwa muda inakupigia wewe, 3 inampigia dada yako. Majina yaandike kama yeye anavyowaita. Mama hana mtoto anayeitwa "Bro Salim Kazini".

Simu janja ina nafasi yake, hasa kwa mzazi mwenye watoto au wajukuu walioko mbali, Muscat, London au hata Mbeya, ambao kuwaona sura ni dawa. Hapo usibane sana bajeti, kwa sababu simu za bei ya kutupa zinamfundisha mzee kwamba yeye hawezi, kumbe ni simu isiyoweza. RAM isipungue GB 3, na nafasi ya kuhifadhia ianzie GB 64; makundi ya WhatsApp ya ukoo yanajaza picha za "Asubuhi njema" kwa kasi ya ajabu. Ukinunua iliyotumika, uliza toleo la Android. Tangu mwanzo wa 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye matoleo yaliyo chini ya 5.0, na vile vitochi vya KaiOS vilivyokuwa na WhatsApp navyo vimeachwa. Nimeona kimoja kikiuzwa mnadani kwa sifa hiyohiyo.

Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, uitume kwa ujumbe kwenda 15090, usome jibu kabla ya kulipa. Simu bandia zilizimwa nchini Juni 2016, na hadi leo wapo wanaoziuza. Chagua aina ambayo fundi wa mji wa karibu, Lushoto mjini au Korogwe, ana kioo chake. Swali hilo muulize fundi, usimuulize muuzaji.

Halafu kuna simu za mkopo, zile unazolipia kidogo kidogo kila siku. Kwa kijana mwenye kipato cha kila siku zinasaidia. Kwa mzazi usizipeleke. Siku ukisahau kulipa, simu inajifunga yenyewe, na mama huko aliko hajui kama ni deni, anajua ameiharibu. Rafiki yangu mmoja alikaa siku tatu akidhani baba yake amemkasirikia.

Mwishowe nilichokifanya kwa mama ndicho ninachowashauri wengi: sikumbadilishia simu, nilimwongezea. Kitochi kikabaki na laini yake ya miaka yote, ya kupigia na ya fedha. Simu ya kava jekundu ikawekewa laini ya pili kwa ajili ya intaneti, na WhatsApp nikaifungua kwa namba yake ileile inayojulikana, ujumbe wa kuthibitisha ukaingia kwenye kitochi. Simu kubwa hukaa sebuleni kama redio ilivyokuwa ikikaa. Ikiibiwa, ikivunjika, au mjukuu akibonyeza kiungo cha ovyo akitafuta gemu, hela za mama hazimo humo. Na chaji ikiisha, bado anapatikana.

Kuna vitu vya kufanya wewe kabla ya kukabidhi simu kubwa. Lugha iwe Kiswahili, maandishi yakuzwe, programu asizozihitaji ziondoke kwenye ukurasa wa mbele zibaki nne au tano. Mfungulie akaunti yake ya Google. Usiweke yako, maana atapata namba zote za kazini kwako na picha ulizopiga ufukweni, na siku simu ikifutwa itadai nenosiri lako ukiwa kwenye kikao. Kwenye WhatsApp zima upakuaji wa video na picha unaojifanya wenyewe, na weka ule uthibitishaji wa hatua mbili wenye namba yake ya siri. Usimwekee kundi la ukoo siku ya kwanza. Ujumbe mia mbili kwa siku humtisha hata kijana.

Jambo moja dogo linalowaumiza wengi: laini za kitochi ni kubwa, za simu janja ni ndogo. Laini ya zamani ikikatwa ili iingie, majina yaliyohifadhiwa ndani yake yako hatarini, na ikibadilishwa dukani yanapotea yote. Yanakili kwanza. Na kile kiplastiki kilichozunguka laini ndogo kihifadhi, utakihitaji siku ya kuirudisha kwenye kitochi.

Kuhusu vifurushi sina maneno mengi, kwa sababu hesabu yake ni rahisi ukikubali kumtazama mzazi wako jinsi alivyo. Hapa kwetu anayepigiwa halipi. Mzee anayebipu kisha anasubiri hahitaji GB za mwezi mzima. Anahitaji dakika chache za mitandao yote kwa siku ile ambayo wewe hupokei. Kifurushi cha wiki cha dakika kinatosha, au kile kisicho na kikomo cha muda kama mtandao wake unacho, maana kifurushi cha saa 24 kinamalizikia usingizini. Kinunue wewe. Menyu ya kila mtandao ina sehemu ya kumnunulia mtu mwingine, nayo inakuepusha na ile kazi ya kumfundisha kwa simu, "mama, andika moja, halafu tuma, halafu tano." Intaneti ya simu ya sebuleni nayo inunue kwa utaratibu huo. Ikiisha kabla ya wakati, uliza kwanza mjukuu gani yuko likizo. Mwambie mama sauti ya kurekodi inakula kidogo kuliko simu ya video. Wangu amezipenda hizo sauti kupita kiasi, ananitumia za dakika saba akieleza kuku aliyeacha kutaga.

Chunguza salio linalopotea bila simu kupigwa. Mara nyingi ni ujumbe wa kujiunga, wa hadithi au bahati nasibu, uliobonyezwa kwa bahati mbaya na unaokata kila siku. Piga 100, huduma kwa wateja, uombe waondoe zote. Uliza pia kama ana deni la salio au la fedha alilokopeshwa na mtandao, kwa sababu ukimtumia 20,000 deni linajikata kwanza, yeye anaona 13,000 na anaona haya kukuuliza.

Hapo tumefika kwenye fedha, na hapa usiharakishe.

Jirani yetu mmoja, mzee mwenye akili zake timamu, aliambiwa na mwanawe asubuhi kwamba amtumie sehemu ya hela ya mahindi waliyouza. Mchana ukaingia ujumbe: ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina tatizo. Kila Mtanzania ameupata ujumbe huo. Wanautuma kwa maelfu ya namba, wakijua katika maelfu hayo yupo mtu anayesubiri kutuma hela siku hiyo. Mzee akatuma. Alichotuma kilikuwa cha mbolea.

Kumwambia mzazi "uwe makini na matapeli" hakusaidii chochote. Jirani yetu alikuwa makini. Kinachosaidia ni desturi moja ya nyumbani isiyovunjwa na yeyote. Kwetu ni hii: hakuna hela inayotoka kwa ujumbe. Anayetaka hela apige, asikike sauti, na mama akikata anampigia yeye kwa kitochi, kwa jina lililohifadhiwa, sio kwa namba iliyopiga. Hata mimi nikiwa na haraka kiasi gani. Na namba ikiwa ni ngeni, mtu akasema mtoto amedondoka shuleni inatakiwa hela ya hospitali, anaulizwa mtoto huyo nyumbani anaitwaje. Mama ana majina ya utani kwa kila mjukuu, na hakuna tapeli atakayeyajua.

Mwonyeshe pia ule ujumbe wa "nimekosea, nirudishie." Hela ya kweli inaonekana kwenye salio. Aangalie salio kwanza kwenye menyu, asiamini maandishi. Ikiwa kweli imeingia kwa makosa, asiirudishe kwa mkono wake. Aliyekosea apige 100, mtandao urudishe. Namba iliyotuma ujumbe wa kitapeli mnaweza kuiripoti kwa kutuma kwenda 15040.

Namba ya siri ni jambo la aibu kidogo. Wazee wengi wanampa wakala, au wanaitaja kwa sauti foleni nzima ikisikia, na wengi wameweka mwaka wa kuzaliwa. Ukimkemea ataificha tabia hiyo tu. Kama hasomi menyu mwenyewe, kubali kwamba anahitaji mtu, mmchague pamoja mtu huyo, mmoja, kwa jina, na wewe usilundike hela kwenye laini hiyo. Tuma ya matumizi ya wiki mbili. Tuma na ya kutolea. Na usitume siku ya gulio jioni. Wakala atakuwa ameishiwa floti, mama atazungushwa vibanda vitatu na kurudi mikono mitupu.

Siku ya kumkabidhi simu, lala huko. Asubuhi ya kwanza mfundishe kitu kimoja, kupokea, basi. Aifanye mara kumi huku wewe uko chumba cha pili unampigia. Kupiga kufuate mchana. Usiichukue simu mkononi mwake hata ukiona anakosea. Vidole vyako vinakwenda mbio na yeye hajaona ulichokigusa. Andika kwenye daftari, kwa kalamu nene: namba zenu, namba yake mwenyewe, namba ya NIDA, 100 ya huduma, 112 ya dharura. Namba ya siri isiwemo. Daftari litundikwe kwa kamba pale simu inapochajiwa.

Kesho yake ukifika stendi ya Lushoto, kabla basi halijaondoka, mpigie kwenye hiyo simu mpya. Ikiita hadi ikakatika, mpigie kwenye kitochi umwambie unarudi, kuna kitu umesahau.